Vidole Vinne Juu ya Nukta

Nyumba haikuwa yao, ila walikuwa wameizoea mpaka wakasahau. Ilikuwa ya kampuni, moja katika safu ya nyumba zilizofanana kama mapacha, na baba yao alipewa akae humo kwa kuwa alikuwa fundi rangi wa kampuni hiyohiyo. Baba alipofariki, wakubwa walimstahi mjane wake, miaka ikapita wakijifanya hawaoni. Kisha wakaja wakubwa wapya, na mgeni hana kumbukumbu. Funguo zikatakiwa mwisho wa mwezi.

Watoto watatu wa nyumba ile hawakuwa na wasiwasi wa mahali pa kumpeleka mama yao. Dada aliishi na watoto wake upande wa pili wa mji, katika nyumba yake yenye chumba kilichokwisha kutandikwa, dirisha likitazama bustani, na chini ya dirisha nafasi ya kutosha cherehani. Kilichowashangaza ni kwamba Mama hakutaka. Hakukataa waziwazi, maana Mama hakuwa mtu wa kukataa. Siku moja kisingizio kilikuwa vumbi la barabara ya kule. Siku nyingine aliuliza wateja wake watampataje. Mwishowe akasema ameona chumba cha kupanga nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kidogo, lakini kina mlango wake wenyewe.

Kaka alisema uzee ni utoto wa pili, na kwamba siku yenyewe ikifika watampandisha garini pamoja na makochi. Huyu Kaka ndiye mzaliwa wa kwanza, na Baba alimpachika jina la Meneja tangu akiwa mdogo, kwa sababu palipokuwa na kitu cha kubeba yeye alishika kazi ya kuelekeza.

Aliyejua sababu ni Nukta peke yake. Nukta ni kitindamimba. Jina hilo nalo ni la Baba: siku alipoonyeshwa mtoto ndani ya khanga alisema huyu si mtoto, huyu ni nukta, na jina likamganda hata sasa ana kazi, ana miwani, na kule kazini wanamwita kwa heshima zote. Mama alimwambia siri yake jikoni, akimenya vitunguu ili machozi yapate pa kusingizia.

"Mtoto uliyempeleka kwa watu akiwa mdogo," alisema, "ukishazeeka unamwendea na uso gani?"

Nukta aliokota maganda ya vitunguu. Alikuwa mtu wa kupata jibu kesho yake, akiwa peke yake, njiani.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Baba alianguka kutoka kwenye ngazi akiwa kazini, mgongo ukamlaza muda mrefu, na nyumba ikabana kama kiatu cha mwaka jana. Mama mkubwa, dada yake Mama, ambaye Mungu hakumjalia mtoto, alikuja akasema nipeni mmoja nikae naye, mzigo upungue. Kaka alikuwa mwanamume na wa kwanza, Baba hakutaka kumtoa. Nukta alikuwa wa kuugua-ugua. Ikabaki mmoja. Dada aliondoka na begi dogo akiwa na miaka tisa, akarudi akiwa na kumi na tatu, amejifunza kusema "asante" kwa kila kitu, hata kwa maji ya kunywa ya kwao. Tangu hapo hakuwahi kumkosea Mama. Alileta sukari bila kuombwa, alilipa daktari, alipiga simu kila Jumapili. Lakini ulikuwa wema wa mgeni aliyelelewa vizuri. Mama aliuhisi jinsi mshonaji anavyohisi uzi uliokazwa mno: haukatiki, ila kitambaa hakilali.

Sasa, katika nyumba ile palikuwa na mlango kati ya sebule na chumba cha kushonea, na mlango huo ulikuwa na mwimo mmoja wa pembeni, wa mbao, ambao haukuwahi kupakwa rangi. Nyumba nzima ilipakwa na kupakwa tena, kila Baba alipobakiwa na rangi ya kampuni chini ya kopo. Kuna wakati sebule ilikuwa ya kijani cha hospitali, kuna wakati ilikuwa ya njano mpaka Kaka akasema wanaishi ndani ya yai. Lakini brashi ya Baba ilipofika kwenye mwimo ule iliuzunguka polepole, kama mtu anayemkwepa mtoto aliyelala mkekani.

Mwimo ule ulikuwa chombo cha kazi cha Mama. Shule zilipokaribia kufunguliwa, Mama alishona sare za nusu ya mtaa, na za watoto wake zilikuwa za mwisho. Hapo aliwaita mmoja mmoja. Simama wima. Visigino nyuma. Usivute shingo kama jogoo anayechungulia ua wa jirani. Akaweka rula kichwani, akapiga mstari, akaandika mwaka. Mistari ya Kaka ilikuwa ya penseli nyeusi, ya Dada nyekundu, ya Nukta bluu. Kaka alikuwa na tabia ya kubana visokoto vya karatasi chini ya visigino, na kuna mwaka aliotajwa mrefu kuliko alivyokuwa, mwaka uliofuata akaonekana amefupika. Mama alicheka mpaka akavua miwani. Alisema huyu ndiye mtoto pekee duniani anayekua kwa kurudi chini.

Wakati wa kufunga mizigo, Kaka alitaka mwimo ule ukatwe kwa msumeno uchukuliwe. Alishasimama mahali pazuri pa kuelekeza. Mama akasema milango si yao, watu wa kampuni watakuja kukagua, na yeye hataondoka katika nyumba ya watu akiwa ameiba mlango. Basi Nukta akasema, kwa sauti yake ya kuomba radhi, kwamba mbao zitabaki lakini vipimo vinaweza kwenda.

Alikuwa anafanya kazi katika ofisi ya maji, kitengo cha takwimu, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kuchora grafu za pampu. Alijua kwamba mwimo ule ni grafu iliyosimama wima. Alipanga kuuchora upya kwenye kompyuta, mistari mitatu ya rangi zilezile ikipanda kutoka mwaka hadi mwaka, auchapishe kwa ukubwa wa bango dogo, autie fremu, auweke kwenye chumba kile chenye dirisha la bustani kabla Mama hajafika. Mama aingie kule akute yeye mwenyewe amekwisha kutangulia. Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yake, kwa kuwa hoja za mdomo hakuwa nazo.

Alipiga magoti mbele ya mlango na utepe wa Mama wa kupimia, ule wa shingoni, uliochakaa mpaka tarakimu za mwanzo zikafutika. Utepe ulikuwa wa inchi. Aliingiza inchi kwenye safu moja, na kwenye safu ya pili akaweka fomula ya kuzigeuza kuwa sentimita, akaiburuta mpaka chini, kama alivyofanya ofisini kila siku ya Mungu. Mistari myekundu ilipanda, ikapotea, kisha ikatokea tena juu, karibu na ya bluu. Visanduku vya miaka ile ya katikati aliviacha vitupu. Nyeusi iliendelea, bluu iliendelea, na palipokosekana nyekundu alipapita haraka, kama mtu apitaye nyumba ya ndugu iliyofungwa.

Jumamosi asubuhi Dada alikuja na gari la kukodi la mizigo. Alivaa dera la kazi, amefunga kichwa, akaanza na chumba cha kushonea. Kulikuwa na msumari mkubwa ukutani ambapo Mama alitundika nguo ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua: magauni ya watoto ambao sasa ni watu wazima, suruali ya mtu aliyehama, sare zenye nembo ya shule iliyofungwa. Dada alizishusha, akazikunja moja moja, akaziweka kwenye boksi bila kusema neno. Nukta alikuwa amemaliza kuingiza namba alfajiri ile. Alibonyeza grafu itokee, kisha Kaka akamwita ashike upande wa pili wa kabati, upande mzito. Kompyuta ikabaki wazi juu ya meza.

Waliporudi, Dada alikuwa amesimama mbele ya meza akijifuta vumbi mikononi.

"Huyu mwekundu ni nani?"

"Ni wewe, dada," Nukta alisema, na hapo ndipo yeye mwenyewe alipoiona.

Mstari mweusi ulipanda. Wa bluu ulipanda. Mwekundu ulipanda nao vizuri, ukafika mahali, ukaporomoka wima hadi sakafu ya grafu, ukalala pale chini miaka minne umenyooka kama mtu aliyefunikwa shuka, kisha ukaruka tena juu kwa mkupuo mmoja.

Dada aliutazama, akaufuata kwa kidole bila kugusa kioo.

"Kumbe nilikufa," alisema. "Mkanizika, nikafufuka. Na hakuna aliyeniambia."

Kaka alicheka, kwa sababu ilisemwa kwa sauti ya utani. Dada naye alitabasamu, lile tabasamu lake la kusema asante. Lakini mlangoni alikuwa amesimama Mama, mkono mmoja kwenye ule mwimo, na hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini. Mama aliitazama grafu. Hakujua kompyuta, lakini mstari ulioanguka hauhitaji shule. Aligeuka, akaenda kukaa kwenye kiti chake cha cherehani, kitu pekee kilichobaki katika chumba kile pamoja na cherehani yenyewe, na akasema kwa utulivu kwamba mizigo yake ishushwe nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Kodi alikwisha kuizungumza.

Dada akasema sawa, Mama. Akatoka nje kwenda kumwambia dereva asubiri. Sawa ile ndiyo iliyomchoma Nukta kuliko kilio.

Alikaa mbele ya kompyuta juu ya boksi la sufuria. Alikuwa na hakika hakuandika sifuri mahali popote, na kweli, kwenye safu ya inchi visanduku vya miaka ile vilikuwa vitupu, vyeupe, kama alivyoviacha. Kosa lilikuwa kwenye safu ya pili. Fomula yake ilikuta hakuna kitu, ikachukua hakuna kitu ikazidisha, ikapata sifuri, na ikaiandika sifuri hiyo bila haya. Kwa kompyuta, kutojulikana na kutokuwepo ni mamoja ukishaiambia ipige hesabu. Ofisini jambo hilo lilitokea mara nyingi: kijana wa pampu akiugua, asisome mita, na grafu ikaonyesha mji mzima haukunywa maji. Walikuwa wakilicheka. Leo alitazama sifuri zile nne, akaona amemwandikia dada yake urefu ambao hata mtoto wa siku moja hana.

Alizifuta fomula kwenye visanduku vile. Mstari mwekundu ukapanda kutoka sakafuni, ukakatika katikati. Pakabaki pengo.

Kaka alikuwa amekuja kuegemea nyuma yake. "Hapo afadhali. Sasa iunganishe," alisema. "Si kuna mahali pa kubonyeza? Iunge hapa na hapa, mstari upite, yaishe. Nani atajua?"

Mahali pa kubonyeza palikuwepo. Kompyuta ilikuwa inamuuliza, kwa upole wa karani, kisanduku kitupu akichukulie vipi: kama pengo, kama sifuri, au aunganishe nukta mbili kwa mstari. Nukta alijaribu kuunganisha. Ulitokea mstari mwekundu ulionyooka, safi, kana kwamba Dada alisimama mlangoni pale kila mwaka na kuambiwa asivute shingo kama jogoo. Ulikuwa uongo mzuri. Akaurudisha kuwa pengo. Pengo lilikuwa kweli, lakini ilikuwa kweli ya kumwonyesha mtu kovu lake siku ya harusi.

Alikaa akiangalia pengo lile, na mkono wake, bila kuulizwa, ukaenda kwenye kioo. Mwaka wa mwisho kabla ya kuondoka, nyekundu ilikuwa juu ya bluu kiasi fulani. Alijua ni kiasi gani. Alikijua mwilini. Vidole vinne.

Alimkumbuka Mama akiwa amepiga magoti mbele yake, pini mdomoni, siku ambazo Dada alikuwa mbali. Kila mwaka, sare ya Nukta ikishakatwa, Mama alimwambia asitoke bado. Alichukua kitambaa kingine, kipya, chenye harufu ya duka, akampima Nukta tena, kisha akainuka, akaweka vidole vyake vinne, vimebanwa pamoja, juu ya kichwa chake, na kusema kwa pini mdomoni: Nukta na vidole vinne. Mabegani akaongeza kidogo, kiunoni akaongeza kidogo. Gauni likashonwa, likapigwa pasi, likafungwa kwenye gazeti, likapelekwa kwa Mama mkubwa na mtu anayesafiri. Nukta alikuwa akisimama juu ya kigoda mguu ukimuuma, amevishwa gauni zuri kuliko lake, kisha anavuliwa. Aliyaonea wivu magauni yale. Mwaka mmoja alilia, na Mama akamwambia: wewe nakuona kila siku.

Alichomoa waya, akaibeba kompyuta kama sinia, akaenda nje. Dada alikuwa ameketi nyuma ya gari, miguu ikining'inia, na boksi la nguo za msumarini pembeni yake.

Kwa Nukta, kuanza mazungumzo kulikuwa kama kuingia maji baridi. Aliomba radhi kwanza kwa ule mstari, akaeleza fomula, akaeleza visanduku, akaeleza mpaka kijana wa pampu, na Dada akawa anaitikia tu, haina shida, mdogo wangu, ni mashine. Ndipo Nukta akauliza, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine ya kulifikia, kama anayakumbuka magauni aliyokuwa akitumiwa.

Dada aliligusa boksi. "Nayakumbuka. Yalikuwa makubwa yote. Mama mkubwa alinifunga mkanda, nikaonekana kama mwavuli." Alibana kifuniko cha boksi. "Nilijua ni ya msumarini. Sikukasirika. Mama alikuwa na shida nyingi, na nguo za watu zipo, wenyewe hawaji kuchukua. Ilikuwa akili nzuri. Ila nilipokuwa nayavaa nilikuwa nawaza, huyu mtoto mwenye gauni lake ni nani, na kwa nini hakurudi."

Nukta alihisi kama ngazi ya Baba inateleza chini yake. Miaka yote hiyo. Alimwambia. Hakuwa mzungumzaji, na aliyasema kwa kurukaruka: kigoda, kitambaa kipya, harufu ya duka, vidole vinne juu ya utosi wake. Alisema alisimama juu ya kile kigoda kila mwaka na hakuwahi kubaki na hata gauni moja.

"Hayakuwa ya msumarini, dada. Yalikatwa kwa ajili yako. Mimi ndiye nilikuwa wewe."

Dada hakusema asante. Hilo Nukta aliliona kwanza. Alishuka garini, akaingia ndani, akapita sebuleni, akasimama kwenye kizingiti cha chumba cha kushonea, na Nukta akamfuata na kompyuta yake mikononi, na Kaka akaacha kuelekeza, jambo la nadra.

Mama alikuwa bado kwenye kiti chake, anafuta cherehani ambayo ilikwisha kufutwa.

"Mama," Dada alisema, "kwa nini yalikuwa makubwa?"

Mama hakuuliza ni nini. Aliendelea kufuta kidogo, kisha akaacha.

"Sikuwa nakuona," alisema. "Mtu usiyemwona utamkataje? Nilimchukua Nukta, nikaongeza vidole vinne, maana ndivyo mlivyopishana kimo mara ya mwisho. Halafu nikaongeza tena. Nilikuwa najiambia kule kwa dada yangu kuna maziwa, kuna mayai, huyu atakuwa ananenepa, atakuwa amerefuka. Nilikuwa nakuongeza kwa sababu nilitaka uwe unakula vizuri. Nikipunguza ningekuwa kama nimekuombea mabaya."

Chumba kilikuwa kitupu na sauti yake ilirudi kutoka ukutani, kutoka pale msumari ulipobaki mtupu. Aliongeza, kwa sauti ndogo zaidi, kwamba siku Dada aliporudi, alipomsimamisha kwenye mwimo na kuona mstari mwekundu uko chini kidogo ya wa bluu, aliingia chooni akafungua bomba lote ili asisikike.

Dada aligeuka akautazama mwimo. Mistari ile ilikuwa pale, mwekundu chini ya bluu kwa unene wa kucha. Alipapasa mbao, akashuka na kidole hadi mahali ambapo nyekundu ilikoma. "Nilikula vizuri, Mama," alisema. "Nilikuwa na mayai. Niliacha tu kukua." Na hapo wote wawili wakaanza kulia, si kwa kelele, kila mtu upande wake wa kizingiti, mpaka Dada akakivuka.

Nukta na Kaka walirudi nyuma. Kaka alijipangusa pua akasema vumbi la nyumba hii ni balaa. Nukta akaketi tena juu ya boksi la sufuria, akafungua safu mpya. Hakugusa ile ya Dada. Visanduku vyake vya miaka minne vilibaki vitupu, na pengo likabaki pengo. Kwenye safu mpya aliandika urefu wake mwenyewe wa miaka ile, akaongeza kwa kila mwaka upana wa vidole vinne vya Mama, na upana huo aliupata kwa kumwita Mama aweke mkono wake mezani. Mama, macho bado mekundu, aliuliza sasa mkono wake unapimwa ya nini, naye hajafa. Mstari uliotokea aliufanya wa kukatika-katika, mwekundu uliofifia, kama mshono wa mkono unaoshikilia kitambaa kabla ya kupita cherehani.

Ulipita juu ya pengo, juu ya bluu, ukipanda nayo hatua kwa hatua. Haukuungana na nukta ya marejeo. Ulipita juu yake, hewani.

"Huu ni nini?" Mama aliuliza, ameinama, miwani kwenye ncha ya pua.

"Ni magauni," Nukta alisema.

Dada aliuangalia muda mrefu. Akamwambia Nukta asiupake rangi nzito, wala asiuunganishe, uachwe hivyohivyo. Kaka akasema yeye kama Meneja anaidhinisha. Kisha akaona ule mwaka wake wa visokoto, ambapo mstari mweusi ulipanda na kushuka kama nundu, akaomba kwa heshima kubwa kwamba hapo pawekwe pengo. Akakataliwa na wote watatu kwa pamoja.

Waliendelea kubeba. Cherehani ilikuwa ya mwisho, na Kaka kwa mara moja maishani alishika upande mzito. Dereva alipouliza mzigo unashushwa wapi, kila mtu alimtazama Mama, na Mama akatazama mlango, kana kwamba ni sasa tu ameona kitu kinachohitaji kuulizwa.

"Hao watoto wako," alimwambia Dada, "unawapimia wapi?"

"Siwapimi, Mama. Nguo nanunua dukani. Nakisia."

"Zinawatosha?"

Dada alianza kujibu, akasita, kisha kicheko kikampata ghafla, kile cha zamani cha kabla ya begi dogo, kicheko cha mtoto anayetekenywa. "Huwa nachukua kubwa kidogo," alisema.

Mama alitikisa kichwa, akajifunga khanga vizuri kiunoni. Aliuliza kama milango ya kule ni ya mbao. Dada akasema ni ya mbao. Akauliza kama imepakwa rangi, akaambiwa yote, tena ile ya mng'aro. Mama akafyonya, kama mtu aliyekuta kazi ya fundi mwingine.

"Basi tupitie dukani kwanza," alimwambia dereva, akipanda kiti cha mbele. "Tununue msasa wa mwimo mmoja."